Ile Hela Tuma Kwenye Namba Hii

"Ile hela tuma kwenye namba hii, laini yangu nyingine ina shida." Sidhani kama kuna Mtanzania mwenye simu ambaye ujumbe wa aina hii haujamfikia. Unaingia asubuhi mtu akiwa kazini, hauna salamu, hauna jina. Wengi hucheka na kuufuta. Lakini kila siku yupo mmoja ambaye dakika ileile alikuwa anajiandaa kumlipa mwenye nyumba kodi, au kumtumia mdogo wake ada, na ujumbe ukamkuta mkono uko kwenye simu. Tapeli hakujua chochote kuhusu mtu huyo. Aliandika "ile", msomaji akajaza mwenyewe hela ipi, ya nani na ya kazi gani. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kuripoti ujumbe wa namna hii, na bado unaendelea kuingia.

Nimeanza na utapeli kwa sababu unaonyesha waziwazi jinsi ujumbe mfupi wowote unavyofanya kazi. Maneno yaliyoandikwa ni nusu ya habari. Nusu ya pili iko kichwani mwa anayesoma. Kwa watu wanaojuana nusu hiyo ipo kweli, ndiyo maana mtoto akimwandikia mama yake "Nimefika" hahitaji kuongeza neno. Kwa wasiojuana nusu hiyo hubuniwa, na anayebuni ni yule atakayepata hasara. Tumezoea kuijadili mitandao kwa kulalamika kwamba Kiswahili kinaharibika na vijana wanapoteza muda. Kwangu mimi swali zito ni hilo la nusu isiyoandikwa: ni nani anayo?

Ukanda wa kutoka Tegeta na Bunju kupita Mapinga, Kerege na Zinga hadi Bagamoyo mjini ni mahali pazuri pa kulipima swali hili. Hapa simu moja hubeba ukoo wa wenyeji, wateja wa samaki walioko Dar es Salaam, wanafunzi wa sanaa wanaotafuta kazi nje ya nchi, na wageni wanaotaka kiwanja.

Wala kulipia maneno machache si jambo jipya hapa. Waya wa simu ya maandishi ulipita chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar mwaka 1879, na mwaka 1890 ukaunganishwa Zanzibar, Bagamoyo na Dar es Salaam, wakati Bagamoyo ingali makao ya utawala wa Wajerumani. Mwaka uliofuata makao yalihamia Dar. Malipo ya telegramu yalihesabiwa kwa neno, kwa hiyo kampuni kubwa za biashara duniani zilitumia vitabu vya misimbo ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima. Kitabu kilikuwa pande zote mbili, kwa mtumaji na kwa mpokeaji. Asiyekuwa nacho alilipa gharama kamili au alinyamaza.

Waliobaki walikuwa na kanga. Maneno ya kanga, yaani jina lake, yalienea mwanzoni mwa karne ya 20, na duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, maarufu kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", lilichangia sana kuyatangaza. Hadi leo mwanamke wa pwani akienda dukani husoma jina kabla ya kuuliza bei. Anayejifunga kanga yenye kijembe akapita mbele ya jirani amesema, na jirani amesikia, huku wapita njia wengine wakiona nguo tu. Akibanwa anajibu, "Mimi nimevaa kanga yangu, wewe imekuuma nini?" Kesi ya namna hiyo haishindiki hata ikifika kwa mjumbe.

Stetasi ya WhatsApp, ambayo kwa umbo lake la picha na video zinazofutika baada ya saa 24 ilianza Februari 2017, imeirithi kazi hiyo ya kanga karibu yote. Mtu anaweka maneno mawili kwenye rangi nyeusi na aliyekusudiwa anajitambua. Ila kuna mabadiliko mawili ambayo naona hayajazungumzwa vya kutosha. La kwanza, mvaa kanga hakujua kwa hakika nani amesoma. Mwenye stetasi anapewa orodha ya majina pamoja na saa, na anaweza kumficha mama mkwe ili wifi aone peke yake. Fumbo limepata daftari la mahudhurio. La pili ni picha ya skrini. Kijembe kilichokusudiwa mtu mmoja wa Magomeni ya Bagamoyo kinaweza kufika jioni hiyohiyo kwa watu mia wasiojua ugomvi ulianzia wapi, na kila mmoja akaujaza kwa namna yake.

Hapo ndipo mambo ya nyumbani na mambo ya kazi yanapogongana. Chukua mama muuza samaki, mfano wa wengi walioko soko la samaki la Bagamoyo. Anafika mnadani mapema, anashindania fungu la changu au ndoo ya vibua, akishalipa anapiga picha samaki wakiwa bado wanang'aa na kuiweka kwenye stetasi: "Changu wa leo. Oda mapema." Maneno matano, na kwa wateja wake wa Mbweni na Tegeta yanatosha kabisa. Bei wanaijua. Namba ya kulipia wanayo. Wanajua boksi lenye barafu litapanda gari la Makumbusho na kwamba wao ndio watakaokwenda kulipokea kituoni. Kwao stetasi hiyo ni bora kuliko tangazo lolote la gazeti.

Saa sita mchana stetasi hiyohiyo inabeba picha ya mtoto aliyehitimu darasa la saba. Alasiri, dua kwa jirani aliyefiwa. Usiku, kijembe: "Wanaokula vya watu na kunyamaza, Mungu anawaona." Amemlenga wifi yake. Lakini mteja wa Mbweni mwenye deni la wiki iliyopita ameshasoma, na ameamini kabisa ni yeye. Kesho hanunui. WhatsApp ilitoa mwaka 2018 toleo maalumu la biashara, na akina mama waliochoka na mchanganyiko huu wana laini mbili, moja ya samaki na moja ya maneno. Naona ni uamuzi wa busara kuliko semina nyingi za ujasiriamali nilizowahi kuzisikia, ambazo huwahimiza watu kuposti zaidi bila kuwaambia kwamba kila kundi la wasomaji lina nusu yake ya habari.

Kazini mambo ni mepesi kidogo, kwa sababu vyeo vinasaidia kujaza. "Mzigo uko Bunju" ni ripoti kamili kati ya dereva na mwenye mali. Tatizo ni bosi anayeandika saa nne usiku "Kesho njoo ofisini kwangu" akalala. Yeye anataka kuuliza kuhusu ufunguo wa stoo. Aliyeandikiwa anakesha akihesabu makosa yake ya mwezi mzima. Na zile tiki mbili za bluu zimefanywa kuwa hati ya kupokelea barua: umeona, kwa nini hujajibu? Hakuna aliyetia saini makubaliano hayo, lakini watu wanapewa karipio kwa sababu yake.

Kwenye ukoo suala gumu ni salamu. Mpwa anayeandika "Mjomba naomba elfu ishirini" amekosea kabla mjomba hajafika kwenye kiasi. Akianza na "shkmoo", ikajibiwa "mrhb", mambo yanakwenda, kwa sababu salamu hata ikinyofolewa irabu inabaki salamu. Ufupisho huu ulizaliwa enzi za SMS za herufi 160, kila moja ikilipiwa, vijana wakaandika "cjui" na "xaxa" ili wasiingie ukurasa wa pili. Sasa bando halihesabu herufi, lakini mtindo umebaki kama alama ya rika. Sioni madhara makubwa humo. Mwalimu anayesahihisha insha ana haki ya kuona tofauti.

Wazee wametafuta njia yao. Ujumbe wa sauti, ulioingia WhatsApp mwaka 2013, umewafaa kuliko kitu chochote kilichotangulia, kwani hauhitaji miwani na unabeba adabu yote. Mzee wa Mlingotini akituma sauti ya dakika mbili, dakika moja na nusu ni kuulizana hali: watoto, mke, kazi, mvua huko, mguu uliokuwa unauma. Ombi lenyewe liko mwishoni. Tangu 2021 programu inaruhusu kusikiliza kwa kasi maradufu, kwa hiyo wapo wajukuu Dar es Salaam wanaomsikiliza babu akisalimia mbio kama mtangazaji wa mpira. Babu hajui, na pengine ni vizuri.

Kuna mahali pengine kwenye maisha yetu ambapo ufupi umekuwa mfumo kamili wa uhasibu: grupu la kamati ya harusi. Orodha ya ahadi hutumwa ikiwa na namba, jina na kiasi. Kila mwanachama anainakili, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Hakuna anayehutubia, lakini orodha yenyewe inahutubia. Aliyeahidi elfu hamsini hawezi kukaa kwa raha chini ya shemeji aliyeandika laki mbili. Ugomvi huja watu wawili wanaponakili kwa wakati mmoja. Orodha ya pili inaifuta ya kwanza, jina moja linapotea, na mwenye jina anaandika: "Naona mmenitoa." Hakuna aliyemtoa. Mhazini anaeleza, wengine wanaeleza, na mwishowe anapigiwa simu na mtu mzima wa familia, kwani kwenye maandishi ugomvi hauponi tena.

Utani ni mfano mwingine wa nusu isiyosafiri. Wazaramo na Wanyamwezi wana utani wa tangu zama za misafara, wapagazi wa bara walipokuwa wakiteremka kwa maelfu kufika Bagamoyo. Mtani msibani ana ruhusa ya kufanya mambo ambayo mtu mwingine angepigwa kwa kuyafanya: kumsema marehemu, kudai sahani yake, kujilaza mahali pa jeneza. Waliopo wanacheka na kufarijika kwa sababu wanamwona na wanajua anasimama wapi. Mtani huyohuyo akiandika maneno yale kwenye grupu la msiba lenye majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu na wakwe kutoka Kilimanjaro, ni matusi. Admini anamtoa. Ameondolewa kwa kutenda wajibu wake.

Kwa upande mwingine, mtu aliyefanikiwa zaidi kwa video fupi katika eneo hili hakutumia hata neno lake mwenyewe. Kili Paul ni kijana wa Kimasai wa kijiji cha Mindu Tulieni, upande wa Lugoba, eneo la Chalinze ambalo zamani lilikuwa chini ya halmashauri ya Bagamoyo. Mwaka 2021 yeye na dada yake Neema walianza kujulikana kwa kufuatisha midomo kwenye nyimbo za filamu za Kihindi wakiwa wamevaa shuka zao, nyuma yao kukiwa na nyumba na vichaka vya kijijini. Wimbo wa filamu ya Shershaah uliwapeleka mbali. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ulimpa heshima, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi aliwataja ndugu hao kwenye kipindi chake cha redio. Wafuasi wake kwenye Instagram walipita milioni kadhaa.

Unaweza kusema hapo hoja yangu inavunjika, maana mamilioni ya watu wasiomjua walimwelewa ndani ya nusu dakika. Naona kinyume chake. Wahindi walikuwa tayari wanaujua wimbo, wanajua mwigizaji, wanajua ni tukio gani la mapenzi linaloimbwa. Nusu ya habari walikuwa nayo muda mrefu. Kili aliwaletea nusu ya pili, sura ambayo hawakuitarajia. Ndiyo maana kwa muda mrefu alikuwa mashuhuri zaidi Mumbai kuliko Kariakoo. Wanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, chuo kilichoanza 1981, wanakabiliwa na hesabu ngumu zaidi. Ngoma inayopanda polepole, mpigaji na mchezaji wakijibizana, inakatwa sekunde thelathini za mwisho zenye vumbi na mruko. Mwenye tamasha wa Ulaya anaona mruko. Kama kipande cha kuombea kazi, kinafaa. Kama kumbukumbu ya ngoma, hicho ni kichwa cha habari bila habari.

Kazi moja ya ujumbe mfupi hapa pwani ni ya kufa na kupona, nayo ni hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa maonyo kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Taarifa yake ya kawaida ni fupi na imekamilika. Ina tarehe, saa ambazo onyo linahusu, maeneo, kasi ya upepo, kimo cha mawimbi, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Mvuvi anayejua kusi ikianza kuvuma bahari hufanyaje anaisoma mara moja na kuamua kama ngalawa itoke. Kimbunga Hidaya kilipokaribia mwanzoni mwa Mei 2024, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na taarifa hizo zilikuwa zikisomwa kila mahali.

Kinachoziharibu ni safari. Mtu anakata picha ili maandishi yaonekane makubwa, tarehe inabaki nje. Mwingine anaandika upya kwa maneno yake na "angalizo" linageuka "hatari". Siku tano baadaye mtu wa tatu analituma kwenye grupu la Pangani kana kwamba ni la leo. Kimbunga Jobo mwaka 2021 kilidhoofika kabla ya kuleta madhara yaliyoogopwa, na tangu hapo wapo wanaoyaona maonyo yote kuwa ni kelele. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu watano kwa mara moja, kisha 2020 ikabana hadi mmoja kwa ujumbe uliokwisha kusambaa sana. Hilo lilipunguza mwendo, ila haliwezi kurudisha tarehe iliyokatwa.

Dola nayo imo kwenye mazungumzo haya, na haiwezi kurukwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo. Mtandao wa X, zamani Twitter, ambao herufi zake ziliongezwa mwaka 2017 kutoka 140 hadi 280, ulifungwa nchini Mei 2025. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatwa nchi nzima, na iliporejea siku kadhaa baadaye watu walipata kwenye simu zao ujumbe mfupi wa kuwaonya wasisambaze picha na video za kuzua taharuki. Onyo hilo halikuwa na mipaka iliyo wazi. Kila mtu ilibidi abuni mwenyewe ni picha ipi. Matokeo ni kwamba mazungumzo ya wazi yamehamia kwenye magrupu yaliyofungwa, ambako uongo hauna wa kuukanusha kwa sababu anayeujua ukweli hayumo. Ukitaka kupambana na uvumi, sioni njia mbaya zaidi ya hiyo.

Nimeacha viwanja mwisho kwa sababu ndipo pesa nyingi zilipo. Fungua TikTok au Instagram, tafuta viwanja vya Bagamoyo, na video hazitaisha. Kijana amesimama chini ya mkorosho, nyuma yake bikoni nyeupe au kigingi cha mti. "Mapinga hapa. Mita mia tatu kutoka lami. Umeme upo, maji yapo, hati ipo. Malipo kidogo kidogo, maongezi yapo. Bei inboksi. Karibu saiti." Sekunde thelathini. Anayetazama akiwa Mbagala, Muscat au London anajaza mengine: barabara ya kupita gari, nguzo ya umeme mlangoni, hati yenye jina lake.

Sasa tuyatazame maneno hayo. "Umeme upo" inaweza kumaanisha nguzo iko kilomita moja. Mita mia tatu zimepimwa kwa macho, tena kwa mstari ulionyooka kupita mashamba ya watu. "Hati ipo" ndilo zito zaidi. Hati ya nani? Inaweza kuwa ya shamba zima ambalo bado halijagawanywa, au ni barua ya serikali ya kijiji, au ni ramani ya mipango miji tu, ambayo ni mchoro wa eneo litakavyopangwa na haitoshi bila ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Hakuna neno la uongo kwenye video. Dalali akishitakiwa atasema alichosema, na mengine yote aliyasema mteja moyoni mwake, kama ilivyo kwa "ile hela".

Sheria haikuliacha jambo hili wazi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka mkataba wa kuhamisha miliki uwe wa maandishi ndipo utekelezeke, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokewa mahakamani kama ushahidi. Kwa hiyo mazungumzo ya WhatsApp si bure; yanaweza kuonyesha nani aliahidi nini na lini. Ila hayawezi kuonyesha kilichoachwa bila kusemwa, na sehemu kubwa ya hasara iko humo. Upekuzi kwa Msajili wa Hati ungemaliza maswali mengi kwa muda mfupi, lakini ili uufanye unahitaji namba za kutafutia, na video haikukupa.

Wanaotaka madalali wapigwe marufuku mitandaoni wanakosea. Kabla ya video hizi mnunuzi wa mbali alimtegemea binamu mmoja mwenye shemeji Kerege, naye binamu alikuwa na asilimia yake. Sasa angalau anaweza kulinganisha bei kumi kwa jioni moja. Kitu cha kudai ni kidogo zaidi, na TMA wameshaonyesha kwamba kinawezekana: ujumbe unaweza kuwa mfupi na usiache shimo. Tangazo la kiwanja kilichopimwa litaje namba ya kiwanja, kitalu na namba ya ramani ya upimaji, na lile la ardhi ya kijiji liseme hivyo waziwazi. Kutamka hayo hakumalizi sekunde tano, na ishirini na tano zinazobaki zinatosha kuonyesha mkorosho. Yapo makampuni ya viwanja yanayofanya hivyo tayari. Kwa yale yasiyofanya, mnunuzi anaweza kuuliza namba hizo inboksi kabla ya kulipa nauli ya kwenda saiti, na jibu likiwa "njoo kwanza tuongee", asiende.